Usiulize Rangi, Soma Kifuniko



Leo barua za wachumba na mawifi zingoje kidogo. Mdogo wangu mmoja wa Ndosho ameniuliza swali ambalo, nikitazama namna magari yanavyoteseka katika mji wetu wa Goma, linawahusu wengi wenu mnaoshika usukani kila asubuhi. Anaandika hivi:

"Yaya, nina RAV4 ya mwaka 2003. Nabebea bidhaa za duka na kupeleka watoto shule. Siku hizi usukani umekuwa mzito, na nikikata kona polepole unanung'unika. Fundi amenituma mafuta ya direksheni. Dukani wamenitolea chupa tatu: moja ina mafuta mekundu, moja ya rangi ya asali, moja ya kijani. Muuzaji anasema kazi ya zote ni ile ile, ila ya kijani ndiyo bora kwa kuwa bei yake iko juu. Fundi anasema leta nyekundu yoyote. Nifuate ya nani?"

Mdogo wangu, usifuate ya muuzaji wala ya fundi mpaka umefungua boneti, ukakitafuta kikopo cha mafuta ya usukani, ndiyo hayo ya direksheni, ukasoma kifuniko chake. Waliotengeneza gari wameandika pale pale wanachotaka kiingie mle ndani. Kwenye Toyota nyingi za umri wa hiyo yako utakuta herufi tatu, ATF, kisha neno Dexron na namba za Kirumi, II au III. Maana yake ni kwamba usukani wako unatumia mafuta ya jamii ile ile inayotumika kwenye giaboksi za otomatiki, yenye kiwango hicho kilichotajwa. Fundi wako amekaribia jibu, lakini neno lake "yoyote" ndilo linaloua pampu. Muuzaji yeye amekosea kabisa. Mafuta ya kijani yanaweza kuwa mazuri sana na ya bei kali kwa sababu yametengenezwa kwa ajili ya gari jingine.

Niruhusuni nieleze kinachotokea chini ya boneti, kwa sababu ukikielewa hutadanganywa tena kirahisi.

Injini inapozunguka, mkanda unazungusha pampu ndogo. Pampu hiyo inavuta mafuta kutoka kwenye kikopo na kuyasukuma kwenye bomba lenye nguvu sana. Tairi lako lina hewa ya bari mbili na kidogo. Mafuta ya usukani, ukikata hadi mwisho, yanaweza kupita bari 70 hata kwenye gari dogo. Nguvu hiyo inafika kwenye reki ya usukani, ile ambayo mafundi wetu huita kremayeri, na huko inasukuma magurudumu upande uliotaka wewe. Ndiyo maana mama mwenye mikono myembamba anaweza kugeuza Prado iliyojaa watu sokoni Birere bila kutoka jasho. Mhandisi Mmarekani Francis Davis alianza kuuhangaikia mfumo huu katika miaka ya 1920, na wanunuzi wakaanza kuupata mwaka 1951 Chrysler ilipouweka kwenye gari lake la Imperial. Kabla ya hapo, usukani ulikuwa kazi ya mabega.

Mafuta ndiyo yanayobeba nguvu hiyo yote. Yanalainisha pampu isisagike, yanaondoa joto, na yanaitunza mipira midogo inayozuia yasivuje, ile ambayo mafundi huiita sili. Kila aina ya mafuta ina uzito wake na dawa zake zilizochanganywa ndani, na mhandisi amechagua pampu, vali na mpira wa sili kulingana na mafuta hayo. Ukiweka mazito mno, pampu inahangaika kuyavuta na kunung'unika. Ukiweka mepesi mno, yanapenya pasipotakiwa na chuma kinasagana. Ukiweka yasiyopatana na mpira, sili zinaharibika. Wala huwezi kujua siku ile ile. Gari litatoka garaji likitembea vizuri, nawe utamsifu fundi, na baada ya muda utaanza kuona matone chini.

Sasa rangi. Nataka niseme hili kwa nguvu, maana limewagharimu watu pesa nyingi: rangi ya mafuta ni rangi tu iliyotiwa kiwandani. ATF ya Dexron huwa nyekundu, ni kweli. Lakini ATF mpya za Toyota ziitwazo WS nazo ni nyekundu, na hizo ni nyepesi zaidi, si zile za kifuniko chako. Na kuna jambo baya kuliko hilo: maji ya rejeta ya Toyota, yale ya kupoozea injini, nayo ni mekundu, na mengine ya waridi. Ukimtuma kijana dukani akalete "ile nyekundu ya Toyota", anaweza kurudi na maji ya rejeta, na fundi mwenye haraka akayamimina kwenye kikopo cha usukani. Basi mtume kijana na karatasi iliyoandikwa jina kamili, au mpe simu yenye picha ya kifuniko. Picha hiyo ni bora kuliko maelezo yoyote ya mdomo.

Juu ya Dexron, kuna kitu ambacho wauzaji wengi hawakisemi. Hilo ni jina la kampuni ya General Motors ya Marekani, na kampuni hiyo ndiyo iliyokuwa ikitoa leseni kwa viwanda vilivyotaka kuliandika kwenye chupa zao. Mwaka 2005 ikaleta Dexron VI, na mwisho wa mwaka 2006 leseni zote za Dexron III zikaisha. Chupa ya Dexron III unayoiona leo dukani inasimamiwa na kiwanda kilichoitengeneza peke yake. Hakuna mtu wa General Motors aliyeipima. Sisemi kwamba haifai; viwanda vikubwa bado vinatengeneza mafuta mazuri ya kiwango hicho, kwa sababu magari yanayoyahitaji bado yamejaa duniani, na hapa kwetu ndiyo mengi. Nasema jina la kiwanda lina uzito kuliko namba III iliyoandikwa kwa maandishi makubwa. Kati ya chupa ya kampuni unayoijua na chupa ambayo hata anwani haina, ongeza dola chache, chukua ya kwanza. Na ile Dexron VI? Ni nyepesi kidogo, na General Motors inasema inaweza kuchukua nafasi ya zile za zamani kwenye giaboksi. Kwa usukani wa gari lililoandikwa II au III, mimi napendelea kubaki na kilichoandikwa kwenye kifuniko maadamu kinapatikana.

Kwa wengine wenu wenye magari tofauti: mwenye Honda ya usukani wa mafuta asitie ATF, kwani Honda ina mafuta yake ya usukani, na kitabu chake kinaagiza hayo tu. Wenye Hyundai na Kia watafute alama ya PSF pamoja na namba inayofuata, 3 au 4, kama kifuniko kinavyosema. Subaru, Suzuki na Mitsubishi nyingi za zamani zinakwenda na Dexron kama Toyota. Wenye magari ya Ulaya ndio wenye kazi zaidi. BMW moja kifuniko chake kinasema ATF, nyingine kinasema CHF 11S, na mbili hizo hazichanganywi. Yale mafuta ya kijani uliyooneshwa, mdogo wangu, yumkini ni ya jamii hiyo ya CHF, yaliyotengenezwa yabaki mepesi hata kwenye baridi kali ya Ulaya. Sisi tunakaa kama mita 1,500 juu ya bahari, usiku tunavaa sweta, lakini barafu hatuioni. Hata hivyo mwenye gari linalodai CHF asijisemee kwamba baridi hiyo haipo Goma, hivyo ataweka nyekundu. Sili na vali zake zilichaguliwa kwa CHF, na hazijui kwamba zimehamia Kivu.

Kisha kuna magari ambayo hayana mafuta ya usukani kabisa. RAV4 iliyoifuata ya kwako, ile iliyoanza kuuzwa mwishoni mwa 2005, ina mota ya umeme inayosaidia usukani. Prius ni hivyo hivyo, Honda Fit ni hivyo hivyo, na magari madogo mengi yanayokuja siku hizi kutoka Japani. Mwenye gari la namna hiyo akiambiwa na fundi kwamba mafuta ya direksheni yamekwisha, aombe aoneshwe kikopo chenyewe kiko wapi. Kikopo hakipo. Na ukiona fundi anafungua kikopo fulani kwenye gari la usukani wa umeme ili aongeze "mafuta ya direksheni", mzuie mkono wake, kwa sababu kikopo kilichobaki kinachofanana nacho mara nyingi ni cha breki.

Hapa kwenye breki nitakaa kidogo, maana hapa ndipo watu hufa.

Mafuta ya breki, yale yenye alama ya DOT 3 au DOT 4, si mafuta kwa maana tunayoizoea. Yametengenezwa kwa glikoli, na mipira ya breki imechaguliwa ivumilie kitu hicho. Mipira ya usukani imechaguliwa ivumilie mafuta halisi. Ukiviweka kinyume, mpira unavimba kama maharage yaliyolowekwa usiku kucha. Mafuta ya breki yakiingia kwenye usukani, sili zinalegea, pampu inakosa ulainisho na reki inaanza kuvuja. Hiyo ni hasara ya pesa. Lakini ATF ikiingia kwenye kikopo cha breki, hata kiasi kidogo tu, mipira ya breki inavimba, pedali inaanza kushika vibaya, magurudumu yanaweza kukwama au breki zikakataa kabisa. Fikiria hilo likupate ukiwa unateremka kutoka milima ya Masisi kuelekea Sake, na gari limejaa viazi na watu.

Ikitokea umemwaga mafuta ya breki kwenye usukani, usiwashe injini. Maadamu pampu haijazunguka, mengi bado yako kwenye kikopo. Yanyonywe yote kwa sirinji kubwa, kikopo kisafishwe, mfumo uoshwe kwa mafuta mapya. Ikitokea ni ATF kwenye breki, gari lisitoke hapo lilipo. Mfumo mzima utolewe mafuta na uoshwe, na sehemu zake za mpira zibadilishwe. Ni gharama kubwa, najua. Fundi atakayekuambia "tutaongeza ya breki juu yake, yatachanganyika" mshukuru, umlipe muda wake, utafute mwingine.

Mafuta ya injini nayo yasiingie kwenye usukani. Ni mazito kwa kazi hii, na dawa zake zilitiwa kwa shughuli nyingine. Mafuta ya kupikia sitaki hata kuyazungumzia, ingawa kuna anayefikiri kwamba kinachoteleza kinatosha.

Mdogo wangu wa Ndosho, sasa nirudi kwenye mlio wako. Umesema usukani mzito na unanung'unika kwenye kona. Kabla ya kununua chochote, pima upepo wa magurudumu ya mbele. Tairi lililolegea linafanya usukani mzito, na vulkanizeri ni rahisi kuliko garaji. Halafu tazama mkanda wa pampu: ukilegea au ukipasuka, unapiga kelele kali ya ghafla unapokata usukani, na pampu haizunguki vizuri. Mnung'uniko wa chini unaopanda na kushuka na mwendo wa injini huo ndio wa mafuta kupungua au hewa kuingia.

Kisha pima mafuta. Kikopo kina alama mbili, moja ya moto na nyingine ya baridi, au juu na chini. Asubuhi kabla hujawasha, soma upande wa baridi. Ukitoka safari ndefu, soma upande wa moto, kwa kuwa mafuta yanatanuka. Usijaze hadi mdomoni. Yakipata moto yatafurika na kukuacha ukidhani gari linavuja. Chovya kijiti safi, weka tone moja kwenye karatasi nyeupe. Mekundu yanayopitisha mwanga bado yana maisha. Ya kahawia nzito au meusi yenye harufu ya kuungua yamechoka. Yenye mapovu yana hewa. Yaliyofanana na maziwa yameingiwa na maji, na sisi tunaoosha magari kwa kumwaga ndoo kwenye injini tujiulize yaliingiaje. Lakini kumbuka kufuta vumbi lote kwenye kifuniko kabla ya kukifungua. Vumbi letu jeusi ni mawe ya volkeno yaliyosagwa, na chembe moja ya ukali huo ndani ya pampu inafanya kazi ya tupa.

Na kama mafuta yamepungua, sikiliza vizuri: usukani hauyali mafuta. Injini inaweza kuunguza kidogo kila siku, lakini mfumo wa usukani umefungwa. Yakipungua, yanavuja mahali. Anayeongeza kila wiki bila kutafuta tundu ananunua chupa za kumwagia barabarani. Laza katoni chini ya sehemu ya mbele ya gari usiku, asubuhi itakuonesha tone limeanguka wapi. Angalia maungio ya bomba la nguvu, angalia shingo ya pampu. Kisha mwambie fundi abinye vile vifuko vya mpira vyenye mikunjo vilivyo kwenye ncha mbili za reki. Kikiwa na mafuta ndani, sili za reki zimekwisha. Kikiwa kimechanika, hata kama hakuna mafuta, kibadilishwe wiki hiyo hiyo: kifuko ni kitu cha bei ndogo, na reki ni kitu cha kukukosesha karo ya watoto. Bomba linalovuja juu ya ekzosi lisingojee hata siku moja, kwani mafuta hayo yakidondokea chuma chenye moto mkali yanaweza kuwaka.

Goma inazitesa reki kuliko miji mingi. Lava ya tarehe 17 Januari 2002 ilipita katikati ya mji hadi ziwani, ile ya tarehe 22 Mei 2021 ikakata barabara ya Rutshuru, na sisi tunaendesha juu ya mgongo wake. Ukitoka kwenye lami ukaingia mitaa ya ndani ya Katoyi au Majengo, kila jiwe linapiga tairi, tairi linapiga reki, na nguvu hiyo inaishia kwenye sili na mafuta. Kuna tabia mbili nawaomba mziache. Ya kwanza ni kuzungusha usukani wakati gari limesimama, magurudumu yamebanwa na mawe. Liache litambae kidogo ndipo ukate. Ya pili ni kuung'ang'ania usukani ukiwa umefika mwisho. Pale mwishoni pampu inasukuma kwa nguvu zake zote na mafuta hayana pa kwenda. Yanapata moto mara moja. Sekunde chache zinatosha, kisha legeza kidogo. Wenye teksi wanaogeuzia kwenye vichochoro mara nyingi kwa siku wanaua pampu kwa namna hii, halafu wanailaumu chupa.

Kuna na ya tatu, kwa wale wanaozima injini kwenye mteremko ili kubana mafuta. Injini ikizimika, pampu inasimama. Usukani unakuwa mzito ghafla mikononi mwako, breki nazo zinapoteza msaada wake baada ya kukanyaga mara chache, na ukigeuza ufunguo vibaya usukani unaweza kujifunga. Petroli unayookoa hapo haizidi kikombe. Nawasihi.

Ukiona mafuta ni meusi, badilisha yote. Kuongeza mapya juu ya machafu ni kuyachafua mapya. Kazi yenyewe si ya siri na fundi mwenye subira anaimaliza chini ya saa mbili: anyanyue magurudumu ya mbele kwa jeki na kuyawekea vishikizo imara, achomoe bomba la kurudishia mafuta, alielekeze kwenye chupa, amimine mapya kwenye kikopo huku mtu akizungusha usukani taratibu, mpaka yatoke masafi. Mwombe pia atazame chujio dogo lililo chini ya kikopo. Kwenye magari mengi lipo, mafundi wengi hulisahau, na likiziba pampu inanung'unika hata ukiweka mafuta ya dhahabu. Mwisho atoe hewa: injini ikiwa imezimwa, usukani uzungushwe kutoka upande mmoja hadi mwingine mara nyingi, taratibu, huku kikopo kikiangaliwa kisikauke. Kwa gari dogo, lita mbili zinatosha kuosha na kujaza, nawe utabaki na kidogo cha akiba.

Kuna zile dawa za kuziba mivujo zinazouzwa kwenye vichupa vidogo. Zinafanya sili zivimbe kidogo ili zibane. Kwa mtu aliye safarini, mbali na garaji, zinaweza kumfikisha nyumbani. Kama tiba mimi sizipendi, maana sili iliyovimbishwa leo kesho inalainika zaidi, na fundi anayekuuzia kila mwezi hakutakii mema.

Dukani, nunua chupa iliyofungwa, yenye pete ya kifuniko isiyokatika, jina la kiwanda na namba ya toleo iliyopigwa chapa. Usikubali ya kupimiwa kutoka kwenye bidoni. Hata kama muuzaji ni mwaminifu, hujui bidoni ile ilibeba nini kabla. Na usikubali fundi akuletee mafuta yaliyokwisha kufunguliwa. Mwambie kwa heshima: "Papa fundi, naomba chupa nifungue mimi mwenyewe." Fundi mzuri hatachukia. Wengi wao wamejifunza kazi hii kwa kuangalia tu, bila kitabu, na wanafurahi mteja akija na picha ya kifuniko, kwa kuwa wakikosea ni jina lao linaloharibika.

Nasema na dada zangu hasa. Najua wengi wenu mkifika garaji mnasimama kando, mume au kaka ndiye anayeulizwa, hata kama gari ni lako na pesa ni yako. Sogea. Fungua boneti. Uliza ni mafuta gani, ya kiwango gani, ya nini. Kuuliza si ujinga. Gari lako lilipita Mombasa au Dar es Salaam, likavuka mipaka kwa jasho lako, na usukani wake uko kulia wakati sisi tunaendesha upande wa kulia wa barabara, jambo linalokufanya uhitaji kuchungulia zaidi na kukata usukani kwa haraka zaidi kila unapopita lori. Huwezi kuyaacha mambo ya usukani huo kwa mtu ambaye hatakuwa ndani ya gari siku ukikatika nguvu.

Kama kifuniko kimepotea au kimewekwa cha gari jingine, na kitabu kwenye droo ni cha Kijapani, bado kuna njia. Programu ya simu inaweza kusoma picha ya ukurasa ule na kuutafsiri, na katikati ya maandishi ya Kijapani herufi ATF au PSF huonekana zenyewe. Namba ya chesi nayo, ukimpa muuza vipuri anayejua kazi yake, itamwonesha gari lako linataka nini. Ukishajua, andika kwa kalamu ya rangi isiyofutika kwenye kifuniko kilichopo, ili fundi wa kesho asianze kubahatisha.

Yabaki yale machafu yaliyotolewa. Tafadhali yasimwagwe nyuma ya garaji. Mji wetu umekaa juu ya mawe yenye matundu, hatuna mto unaopita katikati yake, na mvua ikinyesha maji yanazama moja kwa moja chini. Kinachomwagwa juu kinaelekea huko huko, na ziwani ndiko watoto wetu wanakochota maji kwa bidoni za njano kila asubuhi. Nenda na chupa tupu, mafuta ya zamani yaingizwe humo, yafungwe, umwachie fundi anayekusanya mafuta machafu kwenye pipa lake.

Mwenye swali la mafuta ya giaboksi aniandikie, nami nitalijibu wiki zijazo. Lakini ataje mwaka wa gari, injini yake, na kilichoandikwa kwenye kijiti cha kupimia, maana bila hayo nami nitakuwa nabahatisha.